Sumu ya Mishale Iliyogeuka Kuwa Dawa

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwasimulia habari za sumu mbili. Ya kwanza ilitoka katika misitu ya Amerika ya Kusini, ambako wawindaji waliipaka katika vyembe vya mishale yao. Ya pili ilitoka Afrika ya Magharibi, ambako watu walioshtakiwa kwa uchawi walilishwa ili ijulikane kama wana hatia au hawana. Sumu hizo zilizaliwa mbalimbali, na bahari kuu ikiwa katikati yao. Walakini dawa zilizotokana nazo hukutana kila siku katika vyumba vya kupasulia wagonjwa, moja ikifunga na nyingine ikifungua. Wazee wetu walisema kweli waliposema kwamba dawa ya moto ni moto.

Huenda mtu akauliza, Mambo haya yatuhusu nini sisi wakulima na wavuvi na watoto wa shule? Yatuhusu sana. Mtu ambaye utumbo wake umejisokota, au kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akapasuka wengu, hana budi kupelekwa hospitali apasuliwe upesi. Hapo mara nyingi hupewa dawa za namna tatu. Ya kwanza humlaza usingizi, ya pili humwondolea maumivu, na ya tatu hulegeza misuli yake ili daktari apate kufanya kazi tumboni bila ya kuzuiwa. Dawa hiyo ya tatu haichagui misuli. Hulegeza ya tumbo na ya mikono, na tena hulegeza ile ya mbavu na ya kiwambo ambayo kwayo twavuta pumzi. Basi anayeitoa dawa hiyo amepokea pumzi ya mwenziwe kuwa amana mikononi mwake, na amana hurudishwa kamili, wala hairudishwi nusu. Habari tutakazosimulia ni za jinsi wanadamu walivyojifunza kuirudisha.

Uchungu wa mishale si jambo geni kwetu. Wakamba, Wagiriama na Wasanye wamekuwa mabingwa wake tangu zamani. Huchemsha vipande vya mti wenye sumu muda mrefu mpaka maji yawe mazito meusi mfano wa lami, wakaupaka mshale, kisha wakauviringia ngozi usikauke. Lakini uchungu wetu hushika moyo. Mnyama aliyepigwa hukimbia kidogo, moyo wake hupiga ovyo, halafu husimama. Sumu ya Amerika ya Kusini, iitwayo kurare, haifanyi hivyo. Mnyama aliyechomwa nayo hulegea shingo na miguu, kisha mbavu, akalala kimya kama aliyechoka. Moyo wake ungali ukipiga, lakini hawezi tena kuvuta hewa, na kwa kukosa hewa hufa. Nyama yake huliwa bila ya dhara, kwa sababu sumu hiyo ikipita kinywani haiingii damuni kwa wingi wa kumdhuru mtu.

Mwaka wa 1800 msafiri Mjerumani, Alexander von Humboldt, pamoja na mwenzake Mfaransa, Aimé Bonpland, walifika Esmeralda, kijiji kilichoko kando ya mto Orinoco. Huko walimwona mzee mmoja akipika kurare. Mzee yule aliyaponda magome ya mmea utambaao, akayachuja kwa maji baridi katika jani la mgomba lililoviringwa mfano wa pia, kisha akayachemsha maji yale mpaka yakawa mazito. Kila mara aliyaonja kwa ulimi apate kujua uchungu wake, akamwalika na mgeni wake aonje pia. Tuangalie kwamba mzee huyu alikuwa fundi kamili. Alijua kipimo chake na namna ya kuijaribu kazi yake, na kwamba sumu hiyo haina hatari ulimini ila kwa mtu mwenye kidonda kinywani. Elimu waliyoiendeleza madaktari baadaye ilianzia kwa mafundi wa namna hiyo.

Baada ya hapo Mwingereza mmoja, Charles Waterton, alikwenda Guiana mwaka wa 1812 ili kuitafuta sumu hiyo, akarudi nayo kwao. Mwaka wa 1814 yeye na daktari Benjamin Brodie walimchoma punda jike begani kwa kurare huko London. Muda wa dakika kumi punda akaonekana amekufa. Ndipo walipompasua koo la pumzi, wakatia hewa mapafuni mwake kwa mivukuto, kama mhunzi anavyopuliza moto wake, wakaendelea kwa muda wa saa mbili. Punda akainua kichwa, akatazama huku na huku. Wale mabwana wakadhani kazi imekwisha, wakaacha kupuliza. Mara punda akaanguka tena kama maiti. Wakarudia mivukuto upesi, wakapuliza saa mbili nyingine bila ya kupumzika, na safari hii punda akasimama mzima. Alipewa jina la Wouralia, akatunzwa katika shamba la Waterton mpaka mwaka wa 1839.

Tukumbuke kisa hiki cha punda, maana kina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kurare haiui mtu ambaye mwenziwe anamvutia pumzi mpaka sumu iishe nguvu. La pili ni kwamba kuinua kichwa si kupona. Mafundisho la kwanza lilifahamika upesi. La pili, kama tutakavyoona, lilichukua zaidi ya miaka mia na hamsini.

Aliyevumbua mahali sumu hii ifanyapo kazi alikuwa Mfaransa, Claude Bernard, katika miaka iliyofuata 1844. Alimchukua chura, akamfunga mguu mmoja wa nyuma kwa uzi ili damu isiufikie, lakini mshipa wa fahamu wa mguu ule hakuufunga. Kisha akamtia kurare mgongoni. Mwili wote ukalegea isipokuwa mguu ule uliofungwa, kwa kuwa sumu haikuufikia. Alipoifinya ngozi ya sehemu iliyolegea, mguu ule mmoja ulirusha teke. Maana yake ni kwamba chura alisikia maumivu, ila hakuwa na kiungo kingine cha kuonyeshea. Tena Bernard alipougusa msuli uliolegea kwa umeme, ulijikunja. Basi msuli haukufa, na fahamu hazikufa. Kilichokatika ni kiungo kilicho kati yao, pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Mwaka wa 1864 Bernard aliandika makala akawaeleza watu jinsi kifo hiki kionekanavyo cha upole kwa nje, na jinsi kilivyo cha mateso kwa ndani, kwa kuwa akili hubaki macho katika mwili usioweza hata kupepesa kope. Onyo hili lilisomwa na wengi, lakini walioliweka moyoni walikuwa wachache.

Elimu iliyopatikana baadaye imetuwezesha kulieleza jambo hili kwa mfano mwepesi. Tuwaze kwamba mshipa wa fahamu humtuma tarishi, naye tarishi huvuka kijito chembamba mpaka kwenye msuli, na mkononi ana ufunguo. Msuli una vitasa vingi. Ufunguo ukiingia, msuli hujikunja, kisha mfagiaji huja akamwondoa tarishi, ili njia iwe safi kwa amri nyingine. Tarishi huyo ni kitu kiitwacho asetilikolini, na Mwingereza Henry Dale pamoja na Otto Loewi, mzaliwa wa Ujerumani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 kwa kazi yao ya kumtambua. Kurare nayo ina umbo la kuingia kitasani, lakini haiwezi kukifungua. Huziba tu. Tarishi akifika hukuta kila kitasa kimezibwa, naye hufagiliwa kabla hajafanya kitu.

Sasa tuvuke bahari, twende Calabar, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Watu wa kabila la Efik walikuwa na harage waliloliita esere. Mtu akishtakiwa kwa uchawi alilishwa harage hilo. Akitapika akapona, alihesabiwa hana hatia, na akifa, ndipo watu waliposema kwamba hatia yake imeonekana. Wasikilizaji wa kusini watakumbuka habari za mwavi, nao watafahamu mara moja kiapo cha namna hiyo. Harage lile lilipelekwa Scotland, na mwaka wa 1855 Profesa Robert Christison wa Edinburgh alilila kidogo yeye mwenyewe apate kuijua nguvu yake. Nguvu ikamzidia, hata ikambidi kunywa maji yake ya kunyolea ndevu ili atapike. Mwaka wa 1864 wanakemia Jobst na Hesse wa Ujerumani waliipata sumu yenyewe iliyomo katika harage, nayo ikaitwa fisostigmini.

Hata mwaka wa 1900, daktari Jakob Pal wa Vienna aliwatia fisostigmini wanyama waliokuwa wamelegezwa kwa kurare, akaona misuli yao ikipata nguvu na pumzi zao zikirudi. Siku ile sumu ya Afrika iliifungua sumu ya Amerika. Kwa mfano wetu wa tarishi, dawa ya harage humshika mkono yule mfagiaji. Kwa kuwa matarishi hawafagiliwi tena, huongezeka wakawa wengi, wakasongamana vitasani na kuisukuma kurare itoke. Mwaka wa 1931 wanakemia walitengeneza dawa nyingine kwa kufuata umbo la ile ya harage, nayo ni neostigmini. Mwaka wa 1934 bibi mmoja daktari, Mary Walker, aliyefanya kazi katika hospitali ya Greenwich huko London, alitambua kwamba kuna ugonjwa ulegezao kope na mikono na koo, unaofanana sana na kulegezwa kwa kurare. Akawapa wagonjwa wake dawa ya harage, na kwa muda wakapata kuinua kope na kumeza chakula. Basi ufunguo ulikuwa tayari kabla kufuli halijaanza kutumiwa sana katika upasuaji.

Je, kwa nini madaktari walitaka kufuli hilo? Tangu etha ilipoonyeshwa hadharani huko Boston mwaka wa 1846, na klorofomu huko Edinburgh mwaka wa 1847, watu waliweza kupasuliwa bila ya kusikia maumivu. Lakini misuli ya tumbo ina nguvu, na usingizi mwepesi hauilegezi. Ili ilegee, ilibidi mgonjwa azamishwe sana katika usingizi, mpaka moyo nao ukadhoofika. Wengine hawakuamka, hasa wazee na wale waliokwisha kuchoka kwa ugonjwa. Ilitakiwa dawa ya kulegeza misuli isiyoudhuru moyo.

Mnamo mwaka wa 1938 Mmarekani Richard Gill alileta kurare nyingi kutoka Ecuador, na kiwanda kimoja cha dawa kikaisafisha mpaka ikawa na kipimo kinachojulikana. Kwanza ilitumiwa kuwakinga wagonjwa wa akili wasivunjike mifupa walipotibiwa kwa kutiwa kifafa. Kisha, tarehe 23 Januari 1942, katika mji wa Montreal nchini Kanada, daktari Harold Griffith na msaidizi wake, bibi daktari Enid Johnson, walimpa kijana wa miaka 20 aliyekuwa akipasuliwa kidole tumbo, hali amelala kwa dawa ya usingizi. Tumbo lililegea mara moja, naye aliendelea kuvuta pumzi, akapona salama. Habari hizo zikaenea upesi. Wapasuaji walifurahi mno, na kama ilivyo desturi ya wanadamu, furaha ilitangulia mbele ya maarifa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kudhani kwamba mtu aliyelala kimya amelala usingizi. Kulikuwa na madaktari walioamini kwamba kurare yenyewe huondoa fahamu ikitolewa kwa wingi. Scott Smith, daktari wa dawa za usingizi huko Utah, Marekani, aliamua kulikata shauri hili kwa mwili wake mwenyewe. Alilala, akatiwa kurare peke yake, bila ya dawa ya usingizi, kwa kipimo kikubwa kuliko kilichotosha kumlegeza, na wenzake wakamvutia pumzi kwa mfuko. Hakuweza kusema wala kufumbua macho. Mate yalimkusanyikia kooni asiweze kuyameza, akaona kama kwamba anasongwa. Aliulizwa maswali, akachomwa, akazungumziwa. Nguvu zilipomrudia alieleza yote yaliyotukia, moja baada ya moja, bila ya kuruka kitu. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1947, na shauri likaisha. Chura wa Bernard alikuwa amekwisha kulisema kwa teke lake, lakini chura hana ulimi.

Tuliwahi kuwasomea wanafunzi wetu habari za daktari huyu darasani, na mmoja wao, kijana mkimya wa nyuma, akauliza kwa sauti ndogo, Je, Bwana Mwalimu, kama mwenye kulegezwa angekuwa mgonjwa, na dawa ya usingizi imekwisha chupani, nani angejua? Darasa lote likanyamaza. Swali hilo ndilo kiini cha kazi hii. Mtu asiyelegezwa akisikia kisu hujongea, na kujongea kwake ni ulimi wake. Aliyelegezwa amenyang'anywa ulimi huo. Kwa hiyo yampasa mtoa dawa ya usingizi kuhakikisha kwamba usingizi umetangulia kabla ya ulegevu, na kwamba usingizi haumtoki mgonjwa mpaka ulegevu umekwisha.

Kosa la pili lilikuwa la kuacha kupuliza mapema, kama walivyofanya mabwana wale kwa punda. Mwaka wa 1946 madaktari Cecil Gray na John Halton wa Liverpool, Uingereza, walieleza jinsi walivyotumia kurare safi kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Baadaye Gray na wenzake wakaweka taratibu kamili: usingizi mwepesi, kipimo cha kutosha cha dawa ya kulegeza, kumvutia mgonjwa pumzi kwa mkono muda wote, na mwisho kumpa neostigmini ili amana irudi. Lakini si kila mahali palipofuata taratibu hizo. Mwaka wa 1954 Henry Beecher na Donald Todd wa Boston walichapisha hesabu ya wagonjwa 599,548 waliopewa dawa za usingizi katika hospitali kumi za Marekani, tangu mwaka wa 1948 mpaka 1952. Kwa wale ambao hawakupewa dawa za kulegeza misuli, kifo kilichotokana na dawa kilikuwa 1 katika kila watu 2,100. Kwa wale waliopewa, kilikuwa 1 katika kila 370.

Hesabu hiyo ilizua mabishano makubwa. Waandishi wake walidhani kwamba dawa zenyewe zina sumu iliyofichika. Wengine, na wale wa Liverpool miongoni mwao, walijibu kwamba kosa ni la matumizi: wagonjwa waliachwa wavute pumzi wenyewe hali misuli ingali mizito, wakarudishwa vitandani kabla hawajafunguliwa barabara. Elimu ya baadaye imewapa haki hao wa pili. Mtu aliyefunguliwa nusu huweza kuvuta pumzi na hata kuitikia jina lake, kwani kiwambo ndicho kinachotangulia kupata nguvu. Lakini misuli ya koo huchelewa. Mate na matapishi yaweza kumwingia mapafuni, au ulimi ukamzibia njia ya hewa, muuguzi akiwa amegeuka kumtazama mgonjwa mwingine.

Mtu aweza kusema, Basi na apewe neostigmini, mambo yaishe. Haraka haraka haina baraka. Tukumbuke kwamba neostigmini haiiondoi kurare. Huongeza matarishi tu, na matarishi nao wana kikomo. Ikiwa vitasa karibu vyote vimezibwa, hata jeshi la matarishi haliwezi kusukuma kitu. Hapana budi kungoja mpaka vitasa vingine vimeanza kufunguka vyenyewe. Tena dawa hii haiishii kwenye misuli. Huupunguzia moyo mwendo na kuzidisha mate, na kwa sababu hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kuzuia hayo, kama atropini, itokayo katika mmea wa sumu wa Ulaya ulio wa ukoo mmoja na mnanaha wetu. Hivyo katika bomba moja la sindano twakuta mafundisho ya sumu mbili, na ya tatu imo mwilini ikingoja kufunguliwa.

Lakini mtu atajuaje kama vitasa vimefunguka? Kwa miaka mingi madaktari walikisia. Walimwambia mgonjwa ainue kichwa kwa muda wa nukta tano, au akaze mkono wao. Mwaka wa 1970, huko huko Liverpool, Hassan Ali, John Utting na Cecil Gray walieleza kipimo kilicho rahisi. Mshipa wa fahamu upitao penye kifundo cha mkono huguswa kwa umeme mara nne, upesi upesi, na kidole gumba hutazamwa. Kwa mtu mzima kidole huruka mara nne kwa nguvu iliyo sawa. Kwa aliyelegezwa, mruko wa nne huwa dhaifu kuliko wa kwanza, au haupo kabisa. Wakigawanya nguvu ya mruko wa nne kwa ile ya wa kwanza, hupata hesabu ya kuonyesha amana imerudi kwa kiasi gani.

Mwaka wa 1979 daktari Jørgen Viby-Mogensen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, waliwapima kwa njia hiyo wagonjwa 72 waliokwisha kupelekwa chumba cha kuamkia, baada ya kupewa neostigmini na kudhaniwa kuwa wamekwisha kufunguliwa. Kwa wagonjwa 30, yaani 42 katika kila mia, mruko wa nne haukufikia hata sehemu 7 katika 10 za ule wa kwanza. Punda alikuwa ameinua kichwa, na mivukuto ikawekwa chini. Tangu hapo imeonekana kwamba hata 7 katika 10 haitoshi, na kwamba yatakiwa 9 katika 10 au zaidi. Imeonekana tena kwamba jicho la mtu haliwezi kutambua upungufu pindi mruko wa nne upitapo 4 katika 10, hata awe hodari namna gani. Mwaka wa 2023 chama cha madaktari wa dawa za usingizi cha Marekani kiliagiza kwamba upimaji ufanywe kwa chombo kiandikacho hesabu, tena kwenye kidole gumba, si kwenye misuli ya uso.

Kurare yenyewe imekwisha kuachwa, na dawa nyingine zimeshika mahali pake. Moja ni suksamethonia, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka wa 1951. Hiyo hulegeza kwa muda wa dakika moja, na kwa desturi huisha baada ya dakika chache, maana damu ina kitu cha kuivunja. Lakini wako watu wachache waliozaliwa na upungufu wa kitu hicho, nao hurithishana katika ukoo. Kwao dakika chache huwa saa kadhaa. Neostigmini haiwafai, bali huweza kuzidisha. Dawa yao ni subira: kuvutiwa pumzi na kulazwa usingizi mpaka nguvu zirudi zenyewe, kama punda alivyofanyiwa.

Dawa ya kufungua iliyo mpya kuliko neostigmini ilibuniwa Scotland, katika maabara ya Newhouse, na Anton Bom na wenzake. Yaitwa sugamadeksi. Nayo haishughuliki na matarishi wala mfagiaji. Ni pete iliyofanyizwa kwa sukari nane zilizounganishwa, na huikamata dawa ya kulegeza damuni kama dema linavyokamata samaki, akaingia asiweze kutoka. Iliruhusiwa Ulaya mwaka wa 2008, na Marekani mwaka wa 2015. Hufungua hata ulegevu mzito, katika dakika chache. Walakini dema hili ni la samaki wa namna moja. Hukamata rokuronia na vekuronia, lakini atrakuria na suksamethonia humpita. Tena bei yake ni kubwa, na hospitali nyingi za nchi zetu zingali zikitegemea neostigmini, saa ya ukutani, na uangalifu wa mtoa dawa.

Basi sisi tulio nje ya chumba kile twaweza kusaidia nini? Twaweza kusema kweli tunapoulizwa. Ikiwa katika ukoo wenu yuko mtu aliyekawia sana kupata pumzi baada ya kupasuliwa, mwambieni mtoa dawa ya usingizi kabla ya siku ya kazi, hata kama mtu huyo ni babu aliyekwisha kufariki. Ikiwa mgonjwa ana kope zinazoanguka jioni, au huchoka upesi kutafuna, mwambieni. Mwanamke anayetumia dawa za kupanga uzazi naye aseme, kwa kuwa sugamadeksi huweza kuzipunguzia nguvu kwa siku kadhaa. Na ndugu yenu akirudishwa kutoka chumba cha kupasulia, msiwaharakishe wauguzi wamtoe mahali anapoangaliwa ili mkamwone. Wakisema angali akingojewa, wanafanya kazi ile iliyomrudisha punda uhai mwaka wa 1814, nayo haikwisha kwa saa mbili za kwanza.